Fimbo inayojisimamisha: mwongozo kamili wa gurudumu la kusawazisha na sensa ya mwendo

Mwaka 2005 kampuni ya Murata ya Japani ilionyesha roboti mdogo anayepanda baiskeli na kusimama juu yake bila kuweka mguu chini. Mwilini mwake mlifichwa gurudumu. Miaka michache baadaye watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walitengeneza Cubli, mchemraba wa sentimita 15 kila upande unaosimama kwa kona moja, ukisaidiwa na magurudumu matatu. Darubini ya Hubble nayo hujigeuza angani kwa magurudumu ya aina hiyo hiyo, bila kuchoma hata tone la mafuta.

Mwongozo huu unahusu mashine ndogo kuliko zote hizo, lakini yenye kanuni zile zile: fimbo ya mhimili mmoja, inayoweza kuanguka kulia au kushoto tu, iliyofungwa gurudumu, mota na sensa. Ukiijua hii vizuri, mchemraba na baiskeli ni kazi ya kuongeza mihimili. Nitakaa zaidi kwenye jambo linalowaangusha wengi: fimbo inasimama sekunde kumi, gurudumu linazidi kuvuma, kisha yote yanaanguka. Tatizo hilo lina sababu moja, na hesabu yake haizidi mstari mmoja.

Gurudumu husaidia linapobadili kasi

Mtu akiruka kutoka mtumbwini kwenda ufukweni, mtumbwi hurudi nyuma. Mota nayo ikilisukuma gurudumu upande mmoja, mwili uliobeba mota husukumwa upande wa pili. Msukumo huo upo pale tu gurudumu linapoongeza au kupunguza kasi. Gurudumu linalozunguka mizunguko 3,000 kwa dakika bila kubadilika haliupi mwili msaada wowote wa kusimama, hata likivuma namna gani.

Kutokana na hilo, kumbuka kanuni hii kabla hujakata ubao: fimbo ikiangukia kulia, gurudumu lazima liongeze kasi kuelekea kulia vilevile. Wengi huwaza kinyume, na ndiyo maana mashine zao hujitupa chini kwa nguvu mara zinapowashwa.

Sasa tufanye hesabu. Chukua fimbo ambayo pamoja na kila kitu chake ina uzito wa gramu 350, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 12 juu ya egemeo (sehemu ya chini ambayo fimbo hugeukia). Nguvu ya kuzungusha inayoiangusha ni 0.35 × 9.81 × 0.12, yaani 0.412, kuzidisha kwa sine (sin) ya pembe ya mwinamo. Kwenye digrii 5 unapata takriban 0.036 nyutoni-mita. Gurudumu letu lina gramu 100 zilizopangwa pembeni, sentimita 4.5 kutoka katikati, kwa hiyo ukinzani wake dhidi ya kubadilishiwa mzunguko ni 0.1 × 0.045 × 0.045, yaani 0.0002 hivi. Gawanya: ili kuizuia tu fimbo isizidi kuinama, gurudumu linapaswa kuongeza kasi kwa karibu mizunguko 1,700 kwa dakika, kila sekunde moja. Kama mota yako inakomea mizunguko 4,000, nguvu zako zimekwisha ndani ya sekunde mbili na nusu.

Rudia hesabu hiyo kwa digrii 1 tu. Gurudumu litaongeza mizunguko 340 kila sekunde, na litafika kikomo baada ya sekunde 12 hivi. Hizo ndizo zile sekunde kumi nilizozitaja. Sensa yako ikikosea wima kwa digrii moja, fimbo itasimama kwa uhodari huku imeinama digrii moja, na gurudumu litalipa deni hilo kila sekunde mpaka liishiwe. Hakuna mota kubwa itakayokuokoa hapo. Itaongeza muda tu.

Hesabu ya pili inahusu kasi ya kuanguka. Fimbo ya vipimo hivi, ikiachwa, huzidisha mwinamo wake karibu mara 2.7 kila baada ya sekunde 0.13. Andika namba hiyo, tutairudia wakati wa kurekebisha. Inakuambia pia kwamba kompyuta ndogo inayoamua mara 10 kwa sekunde imechelewa mno. Tutaamua mara 200 kwa sekunde.

Vifaa na ujenzi

Bodi ya ESP32, yaani hiyo kompyuta ndogo, inatosha na kubaki. Arduino Nano nayo inaweza, ila inabidi ubadilishe mipangilio ya saa zake za ndani ili itoe PWM (kuwasha na kuzima umeme kwa haraka ili kudhibiti mota) ya masafa makubwa. Sensa ni MPU6050, ile ya bei nafuu inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya elektroniki. Ndani yake mna akselerometa (huhisi uvutano) na jairoskopu (hupima kasi ya kugeuka). Utahitaji beringi mbili za namba 608 (zile za viatu vya magurudumu, tundu la milimita 8), bolti ndefu ya milimita 8 ya kuwa mhimili wa egemeo, plaiwudi ya milimita 6, na bolti fupi kumi na nati zake za kuwekwa pembeni mwa gurudumu.

Mota ndiyo ya kuchagua kwa makini. Usitumie mota yenye gia. Gia zina uwazi mdogo kati ya meno, na kila mota inapogeuza mwelekeo kuna kitambo ambacho haishiki chochote. Fimbo inayosimama hugeuza mwelekeo mara nyingi kila sekunde, hivyo itatetemeka daima. Mota za Nidec za mfululizo wa 24H hupendwa sana kwa kazi hii kwa sababu hazina brashi, zina saketi ya kuziendesha ndani yake, na zina enkoda ya kusoma kasi. Hutumia volti 12 na kupokea PWM ya kilohezi 20. Angalia jambo moja: nyingi kati yake husoma PWM kinyume, yaani namba ndogo ndiyo kasi kubwa. Ijaribu mota peke yake mezani kabla ya kuifunga gurudumu.

Kata sahani ya plaiwudi yenye upana wa sentimita 10 au 11, toboa matundu kumi kwa umbali sawa sentimita 4.5 kutoka katikati, na upime kila bolti na nati yake kwenye mizani ya jikoni ili zilingane. Uzito wa pembeni ndio unaofanya kazi. Uzito wa katikati ni mzigo tu kwa fimbo. Ukimaliza, liweke gurudumu kwenye shafti iliyolala, liache lizunguke lenyewe. Upande unaorudi chini kila mara ni mzito: ongeza washa (pete ndogo ya chuma) upande wa pili mpaka gurudumu lisimame popote unapoliacha. Usiruke hatua hii. Gurudumu lisilo na uwiano hutikisa akselerometa, na sensa ikitikiswa inadanganya.

Usalama sasa, na ninausema kwa uzito wote. Kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, ukingo ule wa sentimita 4.5 unakwenda karibu kilomita 68 kwa saa, na bolti ya gramu 10 iliyo hapo inavutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 8. Tumia nati zenye plastiki ndani zisizolegea, vaa miwani ya kukinga macho, na usiinamie usawa wa gurudumu linapozunguka. Watoto wakae mbali mpaka uweke ngao.

Mota ifungwe juu ya fimbo, shafti yake ikiwa sambamba kabisa na bolti ya egemeo. Shafti ikipinda upande, sehemu ya nguvu inapotea kwa kuisokota fimbo. Sensa, kinyume na watu wengi wanavyofanya, iweke chini karibu na egemeo. Juu ya fimbo kila mtikisiko huwa mwendo mkubwa, na akselerometa haiwezi kutofautisha mwendo huo na uvutano wa Dunia. Betri iweke chini pia ikiwa inaingia.

Umeme

Seli tatu za lithiamu za 18650 zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 12.6 zikiwa zimejaa. Ukitumia seli zilizotolewa kwenye betri ya kompyuta mpakato, zipime moja moja na uweke saketi ya kuzilinda. Seli za lithiamu zilizochoka huwaka moto. Ninapendelea betri kuliko chaja ya ukutani kwa sababu gurudumu linapofungwa breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme. Betri huupokea. Chaja nyingi haziupokei, na volti hupanda ghafla kwenye waya.

Weka kapasita ya mikrofaradi 1,000, ya volti 25 au zaidi, karibu kabisa na mota. ESP32 ipate volti 5 kutoka kwa kishusha-volti chake mwenyewe, na waya hasi zote zikutane sehemu moja. Waya za sensa ziwe fupi na zipite mbali na za mota. Ukiona programu inaganda kila mota inapogeuza mwelekeo, kosa liko kwenye hatua hii, usihangaike na programu.

Sensa mbili zinazosahihishana

Akselerometa huhisi uvutano, hivyo inajua chini ni wapi, lakini kila mtetemo unaiyumbisha. Jairoskopu hupima kasi ya kugeuka kwa usafi mkubwa, lakini ukijumlisha vipimo vyake upate pembe, kosa dogo hujilimbikiza na baada ya dakika chache pembe imehama. Dawa ni kuamini jairoskopu kwa mabadiliko ya haraka, na kuiacha akselerometa isahihishe polepole.

Amsha MPU6050 kwa kuandika 0 kwenye rejista (sehemu ya kumbukumbu ya sensa inayoshika mipangilio) 0x6B. Chagua kipimo cha digrii 500 kwa sekunde kwa kuandika 0x08 kwenye 0x1B. Hapo kila 65.5 ya namba ghafi ni digrii moja kwa sekunde. Kichujio cha ndani kiko kwenye 0x1A. Thamani 3 hukata mitetemo vizuri lakini huchelewesha kipimo karibu milisekunde 5. Thamani 2 huchelewesha karibu 3. Anza na 2. Kila inapowashwa, mashine itulie kwanza, isome jairoskopu mara mia kadhaa, itafute wastani, na wastani huo utolewe kwenye kila kipimo kinachofuata.

Kuna namba moja inayonakiliwa ovyo, 0.98, ya kuchanganya sensa mbili. Maana yake inategemea unasoma mara ngapi. Ukisoma kila milisekunde 5, 0.98 inamaanisha akselerometa inaanza kutawala baada ya robo sekunde tu, na kwa mashine yenye gurudumu linalovuma hiyo ni haraka mno. Tumia 0.995, ambayo kwa mwendo huo huo inatoa sekunde moja.

Jaribu mwelekeo kabla ya kitu kingine

Shika fimbo wima, tazama namba kwenye skrini. Iinamishe kulia: pembe iwe chanya. Iinamishe haraka zaidi kulia: kasi ya jairoskopu nayo iwe chanya. Amuru mota kwa namba chanya: gurudumu lizunguke kulia, na enkoda isome chanya. Vipimo hivi vinne vikikubaliana, nusu ya kazi imekwisha. Kimoja kikipingana, kigeuze ndani ya programu sasa hivi, usiendelee.

Moyo wa programu

Kila milisekunde 5, bila kuchelewa:

float dt = 0.005;
float pembeAksel = atan2(ay, az) * 57.3;
pembe = 0.995 * (pembe + kasi * dt) + 0.005 * pembeAksel;

float u = K1 * (pembe - wima) + K2 * kasi + K3 * kasiGurudumu;

if (fabs(pembe - wima) > 10) {
  u = 0;
} else {
  wima = wima - K4 * kasiGurudumu * dt;
  wima = constrain(wima, -3, 3);
}
endeshaMota(constrain(u, -255, 255));

Hapa u ni amri inayopelekwa kwa mota, na wima ni pembe ambayo programu inaiona kuwa wima. Pembe ni kwa digrii, kasi (ya jairoskopu) kwa digrii kwa sekunde, kasi ya gurudumu kwa mizunguko kwa dakika. Enkoda ikiwa na alama chache, kasi ya gurudumu itarukaruka. Ilainishe kwa wastani wa vipimo vichache. Zaidi ya digrii 10 mota inazimwa, kwa sababu hapo fimbo imeshaanguka na kuendelea kuzungusha ni kuhatarisha vidole.

K1 na K2 zinaeleweka: moja inajibu mwinamo, nyingine inajibu kasi ya kuinama. K3 ndiyo inayoshangaza. Tazama alama yake: gurudumu likizunguka kulia, K3 inaongeza nguvu kulia, kana kwamba inazidisha tatizo. Lakini fikiria mwili. Msukumo huo unaiinamisha fimbo kidogo kushoto. Ikiinama kushoto, ili isianguke, gurudumu linalazimika kusukumwa kushoto, yaani kupunguza kasi yake ya kulia. Gurudumu linaharakishwa kidogo ili lipate kupunguzwa sana. Mwinamo huo mdogo wa makusudi ndio unaoufanya uvutano wa Dunia uondoe mzunguko uliolimbikizwa.

Setilaiti hazina egemeo la kuinamia, na zinakumbwa na tatizo hilo hilo la gurudumu kufika kikomo. Hubble huusukuma uga wa sumaku wa Dunia kwa koili zake ili kupunguza kasi ya magurudumu. Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco nje ya pwani ya Malindi, nayo ilikuwa na gurudumu ndani yake la kutuliza mhimili, na iligeuzwa kwa sumaku. Kepler, iliyorushwa Machi 2009 na kulizunguka Jua mbali na uga wa Dunia, ililazimika kutumia injini ndogo zinazotumia mafuta. Magurudumu yake mawili kati ya manne yalipoharibika, la kwanza Julai 2012 na la pili Mei 2013, wahandisi waliielekeza kwa namna ambayo msukumo wa mwanga wa jua uliisaidia kutulia, ikaendelea na kazi.

Kurekebisha namba

Weka zote sifuri. Shika fimbo kwa vidole viwili karibu na wima, na uongeze K1 kidogo kidogo mpaka uhisi fimbo inakusukuma kurudi katikati. Endelea mpaka msukumo uwe imara na fimbo ianze kuyumba huku na huku.

Sasa K2. Rudi kwenye ile sekunde 0.13: nadharia inasema K2 nzuri ya kuanzia ni K1 mara muda huo. K1 ikiwa 40, anza na K2 karibu 5. Fimbo ndefu zaidi huanguka polepole zaidi, hivyo uwiano huo unapanda. Ukisikia mlio mkali kama wa nyuki na kuhisi mtetemo mwembamba, K2 imezidi, au kichujio kinachelewesha.

K3 usiibahatishe. PWM hupeleka volti, na mota inayozunguka huzalisha volti yake inayopinga. Kwa hiyo sehemu ya amri yako huliwa na kasi yenyewe. Pima: gurudumu likiwa huru, toa PWM 100 na usome kasi. Likienda mizunguko 1,570, gawanya 100 kwa 1,570, unapata 0.064. Hiyo inarudisha tu kile kinacholiwa. K3 chini ya hapo, gurudumu litazidi kukimbia hata iweje. Panda juu ya hapo kwa sehemu ya kumi hadi theluthi moja. Ukijaribu ukiwa umeishika fimbo mkononi, gurudumu litajiharakisha bila kikomo. Si hitilafu, ni kwa sababu umeizuia fimbo isiiname. Iachie, vidole vikiwa karibu.

K4 iwe ya mwisho, na ndogo sana: anza na 0.00005. Kazi yake ni kutafuta wima halisi, ile ambayo sensa ilikosea. Ikiwa kubwa mno, fimbo itaanza kuyumba kwa mawimbi ya polepole, kila moja likiwa pana kuliko lililopita.

Makosa mengine hujieleza. Fimbo inayotikisika kidogo gurudumu likiwa karibu na sifuri ina mota isiyoitikia PWM ndogo. Ongeza kiasi kidogo cha kuanzia kwenye amri. Inayosimama asubuhi na kuanguka jioni ina betri iliyoshuka volti. Inayoanguka upande mmoja kila mara ina beringi inayokwama au waya unaoivuta. Waya ulioning'inia kutoka kwenye fimbo hadi mezani unatosha kabisa kufanya hivyo.

Ikishasimama, bandika sarafu ubavuni mwake kwa gundi ya karatasi. Gurudumu litaongeza kasi mara moja, fimbo itainama taratibu upande usio na sarafu, kisha kasi itashuka kuelekea sifuri ndani ya muda usiozidi nusu dakika hivi. Isome namba ya wima kwenye skrini: imehama, na ndiyo wima mpya. Kasi isiposhuka, rudi kwenye K3 kabla ya kugusa kitu kingine. Ikishuka kila mara, pande zote mbili, unaweza kuongeza gurudumu la pili na mhimili wa pili, na kuanza upya na kipimo cha mwelekeo.